Daktari wa kansa yupi? Wa kisu, wa kemo, wa mionzi na wengine, kwa sisi wa Nakuru, Kisumu na Western

Ikisikika tu kwa familia kwamba ni kansa, simu zinaanza. Mjomba anajua daktari mzuri Eldoret, mwingine anasema hapana twende Nairobi, shangazi tayari anaongea mambo ya India na harambee. Kila mtu anauliza "daktari mzuri wa kansa ni nani" na hilo swali ndio linatupoteza, juu hakuna mtu mmoja anaitwa daktari wa kansa. Kuna wa kukata, kuna wa dawa, kuna wa mionzi, kuna wa damu, wa watoto, wa kizazi, na kuna wengine wawili pengine hutawahi kuongea nao lakini bila wao hakuna kitu kinasonga. Ukibisha mlango usio wake unapoteza wiki, wakati mwingine miezi.

Mimi naandika juu ya mamangu. Alipata kinundu kwa titi la kushoto, kidogo tu kama punje ya mahindi, hakina uchungu, tukaenda kliniki fulani hapa Nakuru na daktari akakibonyeza akasema haya ni mafuta tu mama, nakitoa leo leo. Ganzi, dakika arubaini, nyuzi nne, tukalipa, tukarudi nyumbani tukishukuru Mungu. Ile nyama hakuna aliyeipeleka lab na sisi hatukujua hata kuuliza. Miezi saba baadaye kikarudi hapo hapo chini ya kovu na kingine kikatokea kwapani, na daktari wa pili alipouliza "ripoti ya kile kilichotolewa iko wapi?" mimi na mama tukabaki kutazamana.

Kwa hivyo naanza na yule hamna mtu huanza naye, patholojisti. Huyu anakaa lab. Hatakupima presha wala kukuuliza umelala aje, lakini yeye ndio anasema hii ni kansa ama si kansa, ni ya aina gani, na inaonekana ya kukua haraka ama pole pole, na wengine wote unaowasikia hapa chini wanangojea karatasi yake. Mara ya pili mama alifanyiwa bayopsi, yaani kuchukuliwa kipande cha nyama cha kupima, na sindano nene, vikatoka vipande vyembamba vyeupe kama uzi wa kushona, wakavitia kwa kachupa ka plastiki kenye fomalini, dawa ya kuhifadhi nyama, wakaandika jina lake, tarehe na neno "kushoto", kisha wakanipatia mimi nipeleke lab nyingine mjini. Nilipanda matatu nimekashika na mikono miwili magotini, kila tukiruka bampu naangalia kifuniko. Wiki mbili baadaye ndio tukajua tunapigana na nini. Na kwa titi hawaishii kusema ni kansa, wanarudia nyama hiyo hiyo wanatafuta kama ina ER na PR (mahali homoni hushikia kwa seli) na HER2 (protini fulani ya seli), na hayo majibu ndio yanaamua dawa, kwa hivyo ukipewa ripoti ya titi haina hizo tatu jua bado nusu.

Yule mwingine wa nyuma ya pazia ni radiolojisti, na hapa tafadhali soma pole pole juu majina yanafanana na watu wanapotezwa kila siku. Radiolojisti ni wa picha. Anasoma ultrasaundi, mamogramu, siti skani, MRI, na mara nyingi yeye ndio anaongoza sindano ya bayopsi akiangalia kwa skrini. Hatibu kansa. Yule anayetibu na mionzi ni mtu mwingine kabisa, anaitwa radiesheni onkolojisti. Niliwahi kukaa na mzee mmoja kutoka upande wa Molo, amepanga laini ya ultrasaundi tangu saa moja asubuhi na karatasi yake ni ya mionzi, jengo lingine. Saa sita ndio sista akaisoma akamwambia, "Mzee pole, hapa ni kwa picha, wewe unaenda kule wanakotibu." Alikua amechoka hata kusimama ilikua kazi.

Sasa wale watatu wakubwa.

Wa upasuaji kazi yake ni kutoa uvimbe wote na nyama kidogo nzuri ya pembeni, na kuangalia zile tezi za karibu kama kwapani, juu kansa hupitia huko. Kuna wapasuaji wa kawaida wanaofanya kila kitu kuanzia apendiksi mpaka henia, na kuna waliosomea kansa zaidi. Kwa uvimbe mdogo wa titi mpasuaji wa kawaida mwenye uzoefu anaweza, lakini kwa utumbo wa chini, ini, kongosho, ama kitu kimeshikana na mishipa mikubwa, mimi ningeuliza tu waziwazi, "Daktari, operesheni kama hii unafanya ngapi kwa mwaka?" Si kumkosea heshima. Mzuri anajibu bila kukasirika. Na kabla hajakata muulize nyama inaenda lab gani na majibu yatatoka siku gani, hilo siwezi rudia vya kutosha.

Wa dawa anaitwa medikali onkolojisti. Kemo, vidonge vya homoni, dawa zinazolenga mahali pamoja kwa seli, zile za kuamsha kinga ya mwili, zote ni zake. Tofauti kubwa na wa kisu ni kwamba kisu kinafika pale kinapoona, dawa inazunguka na damu mwili mzima, inatafuta hata zile mbegu hazionekani kwa skani. Ndio maana mtu anatolewa titi na bado anaambiwa apate kemo, na familia inasema mbona si walishatoa? Mama alikua anapata kila siku 21, kabla ya kila raundi wanatoa damu, na damu ikiwa chini wanamrudisha nyumbani wiki moja. Ile ya rangi nyekundu ilikua inamfanya akojoe nyekundu, aliogopa sana siku ya kwanza mpaka sista akamweleza ni rangi ya dawa. Kitu kimoja kwa wa kemo lazima mjue nyumbani: joto la mwili likifika 38 hamngojei asubuhi, hamnunui panadol dukani, mnaenda hospitali usiku huo huo, juu kemo imeangusha askari wa mwili na maambukizi madogo yanaweza kuua.

Wa mionzi sasa. Watu wetu wanaita "kuchomwa" na hilo neno linatisha bure, ukiwa ndani ya mashine husikii kitu, ni kama kupigwa eksirei ila unalala dakika kumi hivi bila kutikisika. Inafanya kazi pale tu imeelekezwa, kwa hivyo nywele za kichwa hazitoki kama unatibiwa titi, ila ngozi ya hapo inakua nyeusi na uchovu unakuja pole pole wiki ya pili ya tatu. Kabla ya kuanza wanakupiga siti ya kupanga, halafu mtaalamu wa fizikia anakaa na kompyuta anahesabu kipimo, na wanakuchora alama kwa ngozi ili kila siku mashine ipige pale pale. Mama alichorwa misalaba mitatu na peni, mmoja katikati ya kifua na miwili ubavuni, akakataa kuoga. Siku nne. Aliogopa zikifutika ataambiwa aanze upya. Ikabidi nimuulize yule kijana wa mashine, akacheka vizuri akasema, "Mwambie mama aoge, maji tu bila kusugua, zikififia sisi tutaongeza." Jioni hiyo alioga nusu saa.

Kuna kitu hapa kinachanganya wanaosoma mambo ya Marekani kwa intaneti. Kule wa dawa na wa mionzi ni watu wawili. Uingereza, na sisi tuliofuata mfumo wao, kuna klinikali onkolojisti ambaye amesomea yote mawili, kemo na mionzi. Kwa hivyo ukipata huyo mmoja anakupangia vyote usidhani anavamia kazi ya mwenzake.

Ukiuliza nianze na yupi, inategemea kansa iko wapi, na hapa ndio pa kuangalia sana.

Titi, kawaida unaanza na wa upasuaji lakini baada ya bayopsi, na ikiwa uvimbe ni mkubwa ama umeingia kwapani mara nyingi wanageuza, kemo kwanza iupunguze halafu kisu. Ndivyo ilivyokua kwa mama. Watu wa kanisa walisema madaktari wanachelewesha, haikua hivyo.

Mlango wa kizazi, hapa nasisitiza. Kuna gaina, yaani daktari wa magonjwa ya wanawake, wa kawaida, na kuna gaina aliyeongeza masomo ya kansa za wanawake. Ikiwa ni mapema sana huyo wa pili anafanya operesheni pana, si ile ya kutoa kizazi tu kama ya faibroidi. Ikiwa imeshatoka nje ya mlango wa kizazi ikaingia nyama za pembeni, tiba si kisu tena, ni mionzi ya nje karibu wiki tano pamoja na kemo kidogo kila wiki, halafu mionzi ya ndani inaitwa brakitherapi. Mama wa watu akitolewa kizazi kwa haraka kabla hajapimwa imefika wapi, kazi ya wa mionzi baadaye inakua ngumu zaidi. Kwa hivyo mtu akiambiwa ana kansa ya hapo na anapewa tarehe ya operesheni wiki ijayo, aulize kwanza, "Ni steji gani, na onkolojisti ameniona?" Eldoret pale Moi Teaching and Referral wanafundisha hata madaktari wa hiyo kazi ya kansa za wanawake, kwa wa Western na North Rift ni karibu.

Tezi dume ya wazee wetu iko tofauti kidogo, juu hapa kweli kuna kuchagua. Ikiwa haijatoka nje ya tezi, kisu cha urolojisti (daktari wa njia ya mkojo) na mionzi vyote vinaweza kutibu na matokeo hayapishani sana, tofauti iko kwa maisha baada. Kisu kinaleta zaidi mambo ya mkojo kuvuja na nguvu za kiume, mionzi inaleta zaidi shida za choo na kuwashwa kibofu. Na nyingine ni ndogo na polepole kiasi cha kwamba wanaichunga tu na vipimo. Shida ni kwamba mzee huonana na urolojisti peke yake, na mwenye kisu anafikiria kisu, hiyo ni kawaida si ubaya. Ombeni mzee aonane na wa mionzi pia kabla ya kusaini.

Koo la chakula, hasa watu wa Bomet na South Rift ambako hii kansa imezoeleka kuliko inavyopaswa. Mlango wa kwanza ni yule wa endoskopi, anayeingiza kamera kwa mdomo na kuchukua nyama. Tenwek pale Bomet wana jina kwa kazi hii miaka mingi, na hata mtu amefika mahali hawezi kumeza maji wanaweka stenti, kibomba cha waya kinachotanuka ndani, anaanza kunywa uji tena. Ukiona mzazi anasukuma ugali na maji kila tonge usimwambie ni vidonda vya tumbo, mpeleke.

Damu, yaani lukemia, limfoma, maieloma, hapo wa kisu hana kazi kabisa isipokua kuchukua tezi ya kupima. Ni wa hematolojia. Wanachukua uboho kwa mfupa wa nyonga, inauma, nisidanganye, lakini ni dakika chache.

Mtoto ni wa daktari wa kansa wa watoto, na hapa watu wa Kisumu, Siaya, Homa Bay, Busia wanisikize. Kuna uvimbe wa taya unaitwa limfoma ya Burkitt, jina la daktari Denis Burkitt aliyeuandika 1958 akiwa Uganda, unapatikana sana huku kwetu karibu na ziwa na unaenda pamoja na malaria na kirusi cha Epstein-Barr. Mtoto wa miaka sita ama saba anafura shavu, meno yanalegea, familia inampeleka kung'olewa jino. Wiki moja baadaye uso umefura mara mbili. Uvimbe huu hukua haraka kuliko karibu zote unazojua, na ajabu ni kwamba unasikia kemo vizuri sana, hautaki kisu. Mtoto kama huyo anatakiwa kwa hospitali kubwa siku hiyo hiyo, pale Jaramogi Oginga Odinga, ile wazee wa Kisumu bado wanaita Russia, ama Eldoret kwa hospitali ya watoto ya Shoe4Africa. Jicho la mtoto likiwaka jeupe kwa picha ya simu, pia msingoje, inaweza kuwa kansa ya jicho.

Halafu kuna wale wanaogopwa bila sababu, wa hospisi. Wanaitwa palliativu. Watu wanadhani ukitumwa huko umeambiwa ukafe. Mimi nilidhani hivyo. Ukweli ni kwamba wao ni wa maumivu, kutapika, usingizi, na hata familia iliyochoka, na unaweza kuwa nao tangu siku ya kwanza huku unaendelea na kemo ya kupona. Nakuru kuna hospisi, Kisumu iko, Eldoret iko. Usiku ambao mama alikua analia na mfupa wa mgongo, tulikua tumempa panadol mpaka ikaisha kazi, na asubuhi dada wa hospisi akampimia mofini ya maji kwa sirinji, chungu kama mwarobaini, na saa kumi jioni akauliza kama kuna chai. Onkolojisti wetu alikua mzuri lakini kwa maumivu hawa ndio mafundi.

Sasa mji. Nakuru pale PGH, ile hospitali kubwa ya kaunti, kuna kituo cha kansa cha eneo na mashine ya mionzi, hiyo imetuokolea safari za Nairobi ambazo tulikua tunafanya zamani. Eldoret wana karibu kila kitu, kemo, mionzi, watoto, wanawake, na ni kama kilomita 120 kutoka Kisumu na 155 kutoka Nakuru. Namna mimi naamua, na nimeona inasaidia, ni hivi: kemo unaenda unarudi, mara nyingi ni siku moja kwa wiki tatu, kwa hivyo unaweza kufuata daktari unayemwamini hata kama ni mbali. Mionzi ni Jumatatu mpaka Ijumaa, wiki tatu kwa titi, wiki tano ama zaidi kwa zingine, na kuruka siku kunapunguza nguvu ya tiba, kwa hivyo hapo usiangalie jina la hospitali peke yake, angalia utalala wapi. Binamu mwenye chumba Langas, mtaa wa Eldoret, ana thamani kuliko hospitali yenye jina kubwa na wewe huna pa kulala. Mtu wa Mumias asafiri kila siku kwenda na kurudi akiwa anatapika, hapana.

Pesa pia ina mlango wake. Tangu Oktoba 2024 bima ya afya ya serikali ni SHA si NHIF, na pesa ya kansa ina kikomo kwa familia kwa mwaka, ilipoanza ilikua 400,000 na 150,000 juu yake kwa ule mfuko wa magonjwa sugu. Hiyo inamaanisha mpango wote uwekwe mezani mapema, kisu, kemo na mionzi, ndio mjue gani inakula pesa lini, badala ya kumaliza kwa skani za kurudia rudia. Hospitali kubwa zina kikao ambapo wa kisu, wa dawa, wa mionzi, wa picha na wa lab wanaketi pamoja kuongea mgonjwa mmoja mmoja. Ulizeni, "Daktari, mtaongea kesi ya mama kwa kikao?" Kwetu hicho kikao ndicho kilibadilisha mpangilio wote, wa kisu mwenyewe ndio alisema nisiguse bado, apate kemo kwanza.

Kuhakikisha mtu ni yule anayesema, rejista ya KMPDC, baraza linalosajili madaktari Kenya, iko kwa mtandao, unatafuta jina unaona leseni na alichosomea.

Na karatasi, jamani. Mama ana faili ya bluu ya shule, ndani kuna ripoti ya lab, ya skani, orodha ya kila kemo na tarehe, na fotokopi za zote kwa mfuko mwingine unaokaa kwa dada yangu Kisumu. Lab iliyosoma nyama yake bado imeweka vile vipande kwa nta, wanaita blok, na mgonjwa ana haki ya kuomba ipelekwe lab nyingine isomwe tena bila kukatwa upya. Sisi tuliomba, tukajaza fomu moja, nikaibeba mwenyewe, safari hii ikiwa ngumu kama sabuni ndogo ndani ya bahasha, na majibu ya HER2 yakatoka tofauti na yale ya kwanza.